Picha Yangu Ina Kazi, Mimi Sina

Kwako Mhariri wa gazeti linalosomwa hata na wasiolinunua,

Natumai u mzima, wewe na wote mnaopanga kurasa. Mimi ni yule kijana wa shati la mistari. Usijisumbue kunitafuta kwenye kumbukumbu zenu. Fungua gazeti lako la siku yoyote mlipoandika kuhusu ukosefu wa ajira, utanikuta ukurasa wa tatu, nimesimama kwenye foleni, nimekumbatia bahasha ya kaki, mdomo wazi. Mpiga picha wenu alinifuma napiga miayo. Ni miaka minne sasa, na mmeshanichapisha mara thelathini na moja. Naomba kwa unyenyekevu muiondoe picha hiyo, kwa sababu zifuatazo:

1. Inaniharibia usaili. Mwezi uliopita niliitwa na kampuni inayouza matangi ya maji, nafasi ya karani wa stoo. Nilijibu kila swali. Lakini mama mmoja wa jopo akawa ananitazama mimi, kisha anatazama gazeti lililokuwa chini ya kikombe chake. Mwishowe wakaniambia kwa upole kwamba wanaogopa kuajiri mtu anayejulikana nchi nzima kwa kukosa kazi, wateja wasije wakachanganyikiwa.

2. Maneno mnayoweka chini ya picha. Mara ya kwanza mliandika kwamba vijana wanasaka ajira. Sawa. Mara ya tisa mkaandika kwamba vijana wanachagua kazi. Mhariri, kazi ndizo zinazochagua, na zikifika kwangu huwa zimeshachoka. Halafu mwezi wa sita mkatangaza kwamba ajira zimeongezeka, mkaweka picha ileile, ila bahasha mmeikata. Shangazi yangu alinipigia simu kunipongeza huku analia kwa furaha. Kumweleza ukweli kulikuwa kazi, na hiyo nayo sikulipwa.

3. Uchumba wangu. Baba wa mchumba wangu ni fundi saa na msomaji wenu mwaminifu. Nilipokwenda kujitambulisha nikamwambia mambo yangu yanakaribia kunyooka. Mzee akanyanyuka, akaleta magazeti saba, akayapanga mezani kwa tarehe, akasema lisemwalo lipo. Iliniuma sana. Nampenda yule binti, Mhariri, naye ananipenda. Mzee amenipa hadi mwisho wa mwezi huu niwe nimetoka gazetini, la sivyo nisikanyage tena kwake.

4. Haki za mfanyakazi. Picha yangu inaamka alfajiri, haina likizo, inafika miji ambayo mimi sina nauli ya kufika. Matangazo yote ya kazi kwenye ukurasa wenu wa kumi na nne yanataka uzoefu wa miaka mitatu. Mimi ninao wa miaka minne, tena umethibitishwa na gazeti linaloaminika. Kwa hiyo pamoja na kuiondoa picha, mniandikie barua kwamba nimewatumikia katika cheo cha Asiye na Kazi Mkuu kwa bidii na nidhamu, na sikuchelewa hata siku moja.

Zikipita siku saba bila jibu, nitakuja kusimama mlangoni kwenu nikiwa na shati lilelile, wageni wenu wadhani wameingia ukurasa wa tatu.

Nisalimie wasahihishaji, wauzaji, na mpiga picha, ambaye sina kinyongo naye. Mama anawasalimu wote. Picha zote thelathini na moja anazo chini ya godoro.

Wako katika foleni,
Shati la Mistari

Tanbihi: Nilikuwa nabandika stempu gazeti la leo lilipofika. Ukurasa wa tatu, habari ya ukosefu wa ajira, na juu yake kijana nisiyemjua, shati la bluu. Nimeulizia: hana hata miezi mitano tangu amalize chuo, na bahasha yenyewe ameishika juu chini. Naomba kujua, Mhariri, nafasi hiyo ilitangazwa lini, na mbona mimi sikuitwa kwenye usaili?