Ndege Yangu Ilisimama Singida

Mnisamehe makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na hapa naandika kwa kidole kimoja. Leo nimeumbuka ukweni!

Asubuhi tulikwenda Sola, kwa kina Kabula, mchumba wangu, kumalizia maneno ya mahari. Ng'ombe kumi, walishakubali. Ilibaki kusalimia, kula wali na kurudi Bariadi. Mimi kuongea mbele za watu siwezi, kwa hiyo nikaenda na mjomba anisemee. (Kosa la kwanza. Mjomba hata mbuzi akimtazama sana anaanza kujisifu.)

"Mwangaluka, wakwe!" akasalimia Kisukuma. "Kijana wetu huyu juzi katoka Dar kwa ndege!"

Ndege! Mimi niliyekuwa nabeba zege Kipawa, ndege nimeiona tumbo tu, ikipita juu ya kichwa. Nilikuja na basi, miguu juu ya gunia la mtu. Nikamkanyaga mjomba anyamaze. Akasogeza mguu, akaendelea.

Baba yake Kabula akatabasamu. "Kumbe! Basi mtu wa ndege, ng'ombe kumi hawamtoshi. Ongezeni wawili."

Ningesema ukweli palepale, ng'ombe wawili wangepona. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

"Haya, mwanangu, mlitumia muda gani angani mpaka Mwanza?"

Safari ninayoijua mimi ni ya basi. "Tulitoka alfajiri, baba, tukafika usiku."

Baba yake Kabula akakunja uso.

"Siku nzima?"

"Tulichelewa kidogo Singida." (Nani alinituma?) "Tulisimama kula kuku. Na waliobanwa na haja wakashuka kuchimba dawa vichakani."

Bibi yake Kabula alikuwa amejilaza mkekani. Akaketi.

"Mjukuu wangu, mimi walinipandisha ndege Mwanza kwenda kutibiwa macho Dar. Nikapewa soda. Sijaimaliza, tunaambiwa tufunge mikanda, tunashuka. Saa moja na nusu! Hiyo ya kwenu mlikuwa mnaisukuma?"

Nyumba nzima ikalipuka. Kabula alicheka mpaka sinia la wali likamponyoka. Mjomba naye, mnafiki yule, akacheka kuliko wote: "Hata mimi nilikuwa namshangaa!"

Nikapiga magoti. "Baba, nisamehe. Nilikuja kwa basi. Naomba turudi kwenye wale kumi."

Mzee akafuta machozi ya kicheko. "Wawili wa ndege nimewafuta."

"Asante, baba!"

"Sasa niletee wawili wa uongo."

Kwa hiyo nitaoa, ila kwa ng'ombe kumi na wawili. Mjomba yuko hapa pembeni anachokonoa meno, anasema mazungumzo yamekwenda vizuri sana. Niandikieni neno la kunipoza moyo. Ila asiye na ng'ombe wa kunichangia asithubutu kucheka.