Siku Nane Balozi Alikula Wapi

"Sikilizeni upuuzi huu," alisema Karani, akaisogeza simu mbali na uso kwa sababu miwani aliikalia juzi ikavunjika. "'Familia inayosafiri nje ya nchi isihangaike na chakula. Ichukue kikapu, inunue mkate, jibini na matunda sokoni, ikae bustanini, ile kwa furaha.' Kwa furaha! Wameandika hivyo hivyo, gazeti zima na mhariri wake."

"Aliyeandika hajazaa," Mama Kahawa akasema bila kugeuka. Alikuwa anasuuza vikombe. "Kitinda mimba wangu ukimkalisha bustanini na mkate, mkate unaliwa na sisimizi, yeye analia anataka wali."

"Endelea, mzee," Koki akaomba. "Soma na hapo chini."

Nikainua kichwa. Koki si mtu wa kuomba kusomewa. Ni fundi bomba, magazeti kwake ni ya kufungia nyuzi za kuzibia maji. Lakini Ijumaa anapanda ndege, yeye, mkewe, watoto watatu na mama mkwe, kwenda ughaibuni kwenye arusi ya shemeji yake. Bibi arusi mwenyewe anaishi chumba kimoja, kwa hiyo wageni wamepangiwa nyumba ya kulala isiyo na jiko. Siku sita. Na mama mkwe ana sukari. Asipokula kwa saa anatetemeka, na akianza kutetemeka huwataja kwa majina wanaume wote waliomposa binti yake kabla ya Koki.

Mimi ni fundi viatu. Kijiwe kiko mbele ya kibanda changu, benchi ni langu, na makelele yote nayasikia nitake nisitake. Asubuhi ile mkononi nilikuwa na sandali za ajabu. Kubwa, za ngozi, na ya kushoto soli yake imeinuliwa vidole viwili kuliko ya kulia. Aliyeziagiza ni Balozi, ambaye mguu wake ukiuingiza humo unabaki na nafasi ya kufuga kuku. Aliniletea karatasi imechorwa nyayo mbili kwa kalamu. Nikamuuliza, bwana, mbona moja juu moja chini? Akanijibu, "Ndio mtindo wa kule. Wewe shona tu." Basi nilishona. Nilishona kwa dharau, mshono mmoja hapa, mwingine kule, gundi ya kupaka na kidole.

Huyu Balozi ni dereva wa ofisi. Zamani tulimwita Honi, kwa ajili ya sauti. Miezi miwili iliyopita kaka yake alimtumia tiketi, akaenda ughaibuni na mkewe na watoto wawili, mji uleule anaokwenda Koki. Siku nane. Alirudi na koti, nasi tukamwita Balozi. Jua liwake, jua lichwee, koti liko mwilini, na mdomo ndio huo.

"Mkate bustanini!" Balozi alicheka kwa pua. "Karani, lifunge gazeti lako. Kule mtu mzima akionekana anatafuna kwenye nyasi wanaita polisi. Mimi na familia yangu tulikuwa tunaingia mkahawani. Meza, kitambaa cheupe, uma tatu."

"Uma tatu za nini?" Mama Kahawa akamgeukia. "Una midomo mingapi?"

"Kila uma na kazi yake, mama."

"Kazi ya uma ni kuchoma. Unachoma chakula kimoja mara tatu, kimekukosea nini?"

Koki hakucheka. Alitoa kalamu nene ya kutilia alama mabomba, akageuza kipande cha boksi la koki, akaanza kuandika. "Mkahawa unaitwaje?"

"Unaitwa..." Balozi akatazama angani. "Kule mikahawa haina majina. Ina namba."

"Namba ngapi?"

"Wanabadilisha."

"Haya. Watoto je? Nina watatu, na wa kati anakula kuliko mimi."

"Watoto bure."

"Bure?"

"Bure kabisa! Wenyewe wanaona aibu kumdai mtoto."

Koki akaandika, herufi kubwa: WATOTO BURE. Nilimwonea huruma, halafu nikaona hapana, mtu mzima anayeandika maneno ya Balozi kwenye boksi huruma haimsaidii.

"Na haraka je?" Koki akauliza. "Mama mkwe hawezi kungoja. Akingoja, nimekwisha."

"Ukikaa tu chakula hiki hapa. Hata hujasema unataka nini."

"Wanajuaje ninachotaka?"

"Wanakutazama usoni."

"Wangekutazama wewe usoni wangekuletea ndimu," Karani akasema. "Acha kumpiga kamba mwenzako. Mimi niliwahi kupelekwa nje semina, wiki mbili. Unajua nilikula nini? Biskuti. Zile za chai ya saa nne. Nilikuwa nakaa karibu na sahani, mwenzangu anauliza swali, mimi natia mfukoni. Mpaka leo sijui semina ilihusu nini."

"Wewe ulikwenda peke yako, mzee," Balozi akamjibu. "Mwenye familia anajiheshimu. Ndiyo maana nilimwambia Koki hapa wiki iliyopita, usibebe vyakula kutoka nyumbani. Mabegi yananuka, mnaaibisha watu."

"Na sibebi," Koki akasema. "Mama mkwe alikuwa ameshaoka mikate mikavu ya njiani, na njugu amekaanga. Nimemwambia, mama, acha ushamba, tunakwenda kula kwenye kitambaa cheupe. Amewagawia majirani vyote. Jana alikuwa anachagua gauni la kulia mkahawani."

Balozi akaacha kucheka. Alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena. "Amegawa vyote?"

"Vyote. Si ulisema?"

"Hata njugu?"

"Wewe si ndiye uliyesema!"

Balozi akanigeukia mimi, sijui kwa nini. "Fundi, zile sandali vipi?"

"Ziko tayari tangu jana," nikamwambia. "Zichukue ukapande nazo ngazi, maana kwenye tambarare utaanguka."

Hakuzichukua. Alizitazama, akamtazama Koki, akakitazama na kile kipande cha boksi.

Ndipo mke wa Balozi akatokea kwenye kona, na kapu la sokoni mkononi, anatembea upesi.

"Shemeji Koki! Nyumbani kwako nimekukosa. Begi lenu lina nafasi?"

"Nafasi ya nini, shemeji?"

"Ya sandali. Baba watoto hajakuambia? Siku ya nne hii namwambia, mwambie Koki amchukulie yule babu sandali zake."

"Babu yupi?"

Mama huyu akatutazama mmoja mmoja. Akaona kipande cha boksi, akakichukua, akasoma kwa sauti: "Kitambaa cheupe. Uma tatu. Watoto bure. Chakula kinakuja chenyewe." Akamgeukia mumewe. "Umemwandikisha haya?"

"Mama watoto, twende nyumbani tukaongee."

"Tukaongee nini nyumbani? Mwenzako anapeleka mama mkwe mgonjwa, wewe unamwambia uma tatu?" Akaweka kapu chini. Mama Kahawa akampisha kwenye kigoda bila kuombwa, maana mambo kama hayo hayasikilizwi na msemaji amesimama. "Kitambaa cheupe tulikiona, shemeji, sikatai. Kilikuwa shuka la hospitali."

"Mungu wangu," akasema Karani, akazima simu.

"Siku ya kwanza kweli tuliingia mkahawani. Tukaagiza sahani moja, watu wanne. Mhudumu alituletea sahani na jicho. Siku ya pili huyu bwana akasema tule tukirudi chumbani. Chumbani hakuna kitu! Tumezunguka, tumepiga picha kwenye kila sanamu. Jioni kituo cha basi, mwanangu mdogo akaanguka. Puu. Watu wakaita gari la wagonjwa."

"Maskini," Mama Kahawa akasema.

"Daktari akampima moyo, akamfunua macho, akamwuliza kwa simu ile inayotafsiri: mwanangu, leo umekula nini? Mtoto akajibu, 'Baba amesema bado kidogo.'"

Balozi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Daktari akaandika karatasi. Huyu mwenzangu akaikunja vizuri, akaenda nayo dirisha la dawa, akapanga foleni. Dakika arobaini! Mfamasia akaisoma, akaita wenzake wakaisoma, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Ilikuwa imeandikwa supu, wali, yai. Wakatushika mkono wakatushusha kantini."

Hapo kijiwe kilivunjika. Karani alicheka mpaka akatoa kitambaa cha ile miwani aliyoikalia, akafutia machozi. Nami nilicheka, sifichi. Foleni ya dawa, na cheti cha wali!

"Chekeni," akasema yule mama, "lakini kantini ile, shemeji, ndiyo uandike. Chakula cha moto, kimeshapikwa, unaonyesha kwa kidole. Mtoto anapewa nusu sahani. Bei hata muuguzi wa zamu anaimudu. Na mwenye sukari ana sufuria yake pembeni, imeandikwa."

Koki akageuza boksi upande wa pili haraka sana. "Mtu yeyote anaingia?"

"Ndiyo nilikuwa nafika hapo. Siku ya tatu mlinzi akatuzuia. Akauliza, mnakuja kumwona mgonjwa gani? Huyu mume wangu akatazama ubao wa majina ukutani, akaweka kidole kwenye jina la kwanza. 'Baba yangu mdogo,' akasema kwa simu ya kutafsiri."

"Kumbe unajua kuongopa kwa faida," Mama Kahawa akamwambia Balozi.

"Mlinzi alifurahi! Kumbe yule mgonjwa wiki tatu hajaja mtu. Akatupandisha mwenyewe, wodi ya tano, kitanda cha dirishani. Mzee wa watu, nyonga imevunjika, miguu imetoka nje ya blanketi. Mlinzi akamwambia, mtoto wa kaka yako amekuja. Mimi nikajua tumeumbuka. Yule mzee akamtazama huyu, akatazama watoto, akavuta miguu yake akatupisha tukae."

"Hakusema hawajui?" Karani akauliza.

"Hakusema. Lugha yenyewe hatuelewani. Tangu siku hiyo, kila mchana tunapanda kwanza, kisha ndiyo kula. Matunda yake ya saa sita alikuwa hayali, anawawekea watoto kwenye droo. Walipomshona, mguu wa kushoto ulibaki mfupi. Siku ya kuondoka, huyu bwana akachukua karatasi, akamchora nyayo. Mguu mmoja mmoja, nesi ameshika."

Nilizitazama zile sandali mapajani mwangu.

"Miezi miwili!" Mama Kahawa akaanza kumfokea Balozi. "Miezi miwili unatulisha uma hapa, unakunywa kahawa yangu na koti, kumbe una jambo zuri la kusema unalificha kama mwizi!"

"Ningesemaje?" Sauti ya Honi ilikuwa imeisha, tulimsikia kwa shida. "Kwamba nimepanda ndege nikala hospitali? Kwamba mwanangu alianguka kwa njaa na mimi baba yake nimesimama hapo nimeshika kamera? Mngeniitaje?"

Karani akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi.

"Mimi ungeniua," Koki akasema polepole. "Ungeniua na mama mkwe ungemuua. Njugu zangu zimekwenda kwa majirani."

"Najua. Tangu uliposema njugu natafuta namna ya kukuambia." Balozi akavua koti. Akaliweka kwenye benchi, akakaa karibu na Koki, akamshikia boksi. "Futa kule kote. Andika. Kutoka hapo mnapofikia ni vituo vinne vya basi. Lango la nyuma, si la mbele. Ukiulizwa, sema nyinyi ni watu wa mzee wa wodi ya tano, dirishani. Na upande wodini kwanza, Koki. Usile hujapanda. Mama mkwe akitetemeka, mpe tunda, lakini mpande."

"Nikikuta ameshatoka?"

"Hajatoka," mkewe akajibu. "Nesi ameniandikia jana. Wanamfundisha kutembea, ila kiatu cha kushoto kinamwangusha kila siku. Anasema kila saa sita mzee anamwuliza neno lilelile: wale watoto wamekula?"

Mama Kahawa akajifanya ana moshi machoni. Moto ulikuwa umezimika kitambo.

Koki alikunja boksi, akalitia mfuko wa shati, si ule wa spana. Akainuka, akaninyooshea mkono. "Lete hizo sandali, fundi. Nitazibeba kwenye begi la mkononi."

Nilizigeuza. Mshono wa kushoto ulikuwa mrefu kama wa gunia, soli imeshaanza kuachia kwenye kisigino. Mtu mwenye nyonga mbovu angefika nazo mlangoni tu.

"Hazijawa tayari," nikasema.

"Si umesema tangu jana ziko tayari?"

"Zilikuwa tayari kwa Balozi," nikamjibu, nikatafuta kisu nikaanza kufumua.