Waraka wa Kupiga Marufuku Mbio

Kamati Kuu ya Maandalizi ya Michezo ya Mataifa ina furaha kuwatangazia wakazi wote wa mji mkuu kwamba, kuanzia leo hadi mgeni wa mwisho atakapoondoka, ni marufuku kwa mtu yeyote kukimbia.

Maneno hayo ni yangu. Mimi ni Katibu wa Kamati, na sioni haya kusema kwamba sijawahi kuandika waraka bora kuliko huo. Hoja yake ni nyepesi. Mgeni akimwona mtu anakimbia barabarani, atajiuliza kulikoni. Mwizi? Moto? Au maji yamerudi bombani? Nchi iliyotulia haina anayekimbia. Mwenyekiti alisaini palepale bila kuusoma, na kwenye kila nguzo ya taa tukabandika bango: MWENDA POLE HAJIKWAI.

Tuliajiri Askari wa Utulivu mia nne na kuwafunza kutambua mbio kitaalamu: miguu yote miwili ikiachana na ardhi kwa wakati mmoja, hizo ni mbio. Mkosaji hukalishwa kwenye benchi kwa saa tatu, mpaka atulie.

Matokeo yalitia moyo. Mwizi alipora simu sokoni akaondoka kwa mwendo wa heshima, mwenye simu akamfuata kwa mwendo wa heshima, mpaka mwizi akapinda kona. Ghala liliposhika moto, wazima moto walishuka garini na kulikaribia kwa utaratibu, wakakuta moto umeshamaliza kazi yake wenyewe.

Mtu mmoja tu alinipa taabu, naye ni damu yangu. Binti wa dada yangu ni tarishi ofisini kwetu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Miaka minne alikuwa akikimbia kutoka kwao hadi kazini kila asubuhi, akijiandaa kwa mbio za mita elfu kumi za Michezo hii hii. Siku waraka ulipotoka aliingia kwangu na bahasha za watu mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, mchujo wa timu ni mwezi ujao. Mazoezi nitafanyia wapi?"

"Jaza fomu ya Kibali cha Kukimbia."

"Nimejaza. Wanasema kinatoka baada ya siku tisini."

"Basi si unaona? Wanashughulikia."

"Miaka minne, mjomba! Miaka minne yote iende hivi hivi?"

"Tembea, mwanangu. Nani aliyekufa kwa kutembea?"

Alitoka analia. Niliumia, nakiri, kwa kama dakika kumi hivi, kisha chai ikaletwa.

Basi akatembea. Kutembea kwenyewe sijui nikuelezeje: kiuno kinazunguka, viwiko vinakata hewa, barua inafika wizara ya jirani kabla aliyeiandika hajafunika kalamu. Askari walimwandama wiki nzima, wameinama kuchungulia nyayo zake, na kila mara mguu mmoja uko chini. Wawili waliishia kwenye benchi wao wenyewe, maana ili kumfikia iliwabidi wakimbie.

Mchujo ukapita bila yeye. Lakini nilipokuwa nakamilisha orodha ya wanamichezo wetu, nikakuta kisanduku kimoja kitupu: matembezi ya kilomita ishirini, wanawake. Hakuna mjumbe aliyejua mchezo huo ni kitu gani, ila Mwenyekiti hapendi kisanduku kitupu. Nikaandika jina la tarishi, nikaenda zangu kula.

Michezo ikafika. Wakimbiaji wetu, ambao vibali vyao vilitoka asubuhi ya ufunguzi, walishika mkia kwa nidhamu ya hali ya juu. Hadi siku ya mwisho hatukuwa na medali hata ya kusingiziwa. Ndipo kipaza sauti kikatangaza kwamba anayeingia uwanjani akiongoza matembezi, peke yake, hana hata wa kumkanyaga kisigino, ni tarishi wetu.

Kamera zote zikageukia utepe wa kumalizia. Mwenyekiti akachomoka kitini. Makamu akamfuata, wajumbe kumi na mmoja nyuma yake, nami nyuma ya wajumbe, sote tunawahi picha. Zilibaki hatua ishirini tuufikie, filimbi ya Askari wa Utulivu ikalia.

"Wazee, simameni hapo hapo! Miguu yote ilikuwa juu."

"Unajua mimi ni nani?" Mwenyekiti akafoka, anahema.

Askari akatoa waraka mfukoni na kuukunjua. "Nakujua, mheshimiwa. Si ndiye wewe uliyesaini hapa?"

Kwa kuwa uongozi wote ulikuwa umekalishwa kwenye benchi, tarishi wetu alivishwa medali ya dhahabu na mama mfagiaji wa uwanja, ambaye alikuwa karibu, tena anatembea. Picha hiyo ndiyo iliyosambaa dunia nzima.

Baadaye binti wa dada yangu akapita mbele ya benchi letu, medali kifuani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu! Hebu mwambie huyu askari mimi ni nani kwako."

Akamtazama askari, akanitazama mimi, kwa upole kabisa.

"Jaza fomu, mjomba," akasema, akaenda zake, anatembea.