Mkono Ulioungua Mara Saba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Miezi mitano sasa tangu mke wangu Dinah aende kwa dada yake Bungoma. Alisema amechoka na ujanja wangu. Ujanja gani? Nyumba hii ya Kitale imekuwa kubwa mno. Nazungumza na sufuria.

Lakini leo, bahati! Kipkirui na wazima moto wenzake wa kujitolea wanataka filamu ya huduma ya kwanza. Nikasema nina simu nzuri. Nitaongoza, nitarekodi, na majeruhi nitakuwa mimi. Dinah akiona nimeungua, hatalala Bungoma.

Jumatano, 5 Machi
Chepngeno wa kikosi cha Kipkirui amenimwagia mkono maji dakika ishirini nzima, kisha akaufunga bendeji. Akaeleza kwamba aliyeungua hapakwi yai, wala dawa ya meno. Sikusikia vizuri. Tangu Oktoba hakuna aliyenishika mkono. Nikaomba turudie. Mara saba! Kipkirui akauliza kama simu inarekodi. Haikuwa ikirekodi hata mara moja. Tukarudia ya nane.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemtumia Dinah kipande kile ambamo napiga mayowe. Neno “maigizo” nimelikata. Akapiga simu akilia! Anakuja kesho. Nimefagia hadi chini ya kitanda.

Jumamosi, 8 Machi
Amefika na trei ya mayai. Kwao, dawa ya moto ni ute wa yai, hakuna mjadala. Mimi niko na bendeji, naguna. Akapasua yai, akafungua bendeji. Ngozi nzima, bila hata mkwaruzo! Yai likaanguka sakafuni.

Nilingoja matusi. Akasema tu, “Eliakim, si ungesema uko peke yako, bana?”

Nikajibu ati Chepngeno alifunga bendeji mkono ambao si wenyewe. Mdomo huu! Akakaanga mayai mawili, tukala sahani moja. Sijala vizuri hivyo mwaka huu. Saa tisa akarudi Bungoma.

Jumatatu, 10 Machi
Mayai ishirini na saba, na mlaji mmoja. Dinah ametuma ujumbe: nikitaka aje, nimwambie tu. Nikaandika, “Njoo nyumbani.” Nikayatazama yale maneno mawili mpaka chai ikapoa. Nikayafuta.

Ya nini? Kipkirui anataka filamu nyingine, ya waliovunjika. Nimeuliza: mfupa huuguzwa wiki sita! Nimejitolea mguu wa kulia.