Chungu cha Wavunaji na Pakiti ya Vidonge

Jumatatu, 2 Juni 1975

Ushindi! Mkutano wa kijiji umenichagua kusimamia chungu cha wavunaji. Wenzangu watainama kwenye mtama wa kijiji, mimi nitaonja maharage. Niliwaambia kuonja ni kujitolea. Jirani yangu Urbano naye aliitaka kazi hii. Amenuna. Pole yake. Leo nimeonja mara nyingi sana, kwa niaba ya wananchi.

Jumanne, 3 Juni

Kifua kinawaka moto! Kiungulia. Nilionja maharage yenye pilipili, kisha nikajinyoosha juu ya magunia. Nimecheua mchana kutwa mbele za watu. Urbano akauliza kwa sauti kama mgonjwa wa tumbo anafaa kushika mwiko. Mwenyekiti akanitazama. Huyu Urbano ataning'oa! Mke wangu Sara anasema nipunguze kula. Hana mipango kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda Ilongero kununua vidonge vya kiungulia. Dukani nikamkuta Nesi Felista wa zahanati. Hakuulizwa, akaeleza. Nitafune vizuri, baada ya kula, nisizidishe kipimo kilichoandikwa. Kama nina dawa nyingine, nisizitumie pamoja. Kiungulia kikidumu wiki mbili, niende zahanati. Chakula kikikwama kooni, au choo kikiwa cheusi, nisingoje hata siku moja. Na nisilale nimeshiba. Nikaitikia, ndiyo nesi, ndiyo nesi. Maneno yote hayo kwa kidonge kidogo!

Kimoja tu kimetuliza kifua. Basi nikapiga hesabu. Kama kimoja kinazima moto, pakiti nzima ikitangulia, moto utawakia wapi? Kesho ni mbuzi. Nina furaha.

Alhamisi, 5 Juni

Nilitafuna pakiti nzima kabla ya kuonja. Kiungulia hakikuja, lazima niseme ukweli. Kilichokuja ni kingine! Nilikimbilia kwenye mtama, nikarudi, nikakimbia tena. Upande ule ulikuwa haujavunwa bado. Mungu si Athumani. Huku nyuma nyama ikaungua yote. Watu waliokata mtama tangu alfajiri wakala ugali mkavu.

Mwenyekiti hakufoka. Alisema taratibu kwamba Ndugu Antipasi apumzike, mwiko apewe Urbano. Nilitamani ardhi inimeze. Nesi Felista akaninywesha maji yenye chumvi na sukari, akasema tumbo limeharisha kwa sababu nimezidisha vidonge. Nikamwambia ni mbuzi.

Jumatatu, 9 Juni

Navuna mtama kama wengine. Mgongo unauma, lakini jioni nakula kidogo, naongea na Sara, kisha nalala fofofo. Kiungulia kimepotea! Sara anasema ni kwa sababu sili tena kama fisi. Hapana. Ni ile pakiti, bado inafanya kazi mwilini.

Leo Urbano kanijia kwa siri. Anacheua. Kifua chake kinawaka moto na hataki Mwenyekiti ajue, asije akapoteza mwiko. Kaniomba ushauri, eti mimi ni mzoefu. Hasira zangu zote zikaisha. Jirani ni jirani. Nikamweleza yote bila choyo: atafune pakiti nzima, tena kabla ya kula. Akauliza mbona mimi yalinikuta yaliyonikuta. Nimelifikiria sana jambo hilo huko shambani. Kosa langu lilikuwa kutumia pakiti moja. Kesho wanachinja ng'ombe, kwa hiyo nimemsindikiza dukani tukanunua mbili.