Chungu cha Mama Mkwe, Makala Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye nimepata mada! Miaka kumi na moja nafundisha ufugaji chuoni, sijachapisha hata ukurasa. Bila makala, cheo cha mhadhiri mwandamizi nitakisikia redioni. Umeme umekatika tangu jana. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, ameweka chungu cha maji moto katikati ya boksi la vifaranga wetu, akakizungushia gunia. Vifaranga arobaini, hakuna aliyekufa! Nimemuuliza alifundishwa na nani. Akasema amebuni mwenyewe, baada ya kupoteza wengi. Nimeandika kila neno. Amefurahi kupata mkwe msikivu. Maskini!

Jumatano, 5 Machi
Makala imekamilika. Nimeipa jina "Mbinu Yangu ya Chungu". Zilihitajika takwimu. Sina. Nimetunga: joto nyuzi 34.7, limepimwa mara sita kwa siku. Hiyo nukta saba inapendeza mno. Mke wangu ameuliza jina la mama yake liko wapi. Nimemjibu kwamba wasomi hawaandiki majina ya wakwe. Ameninunia. Chai imekuja bila sukari.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mkuu wa Idara ameipenda makala kupita kiasi. Kesho atakuja nyumbani na kamati nzima kujionea. Nimemsihi mama mkwe aende kwa dada yake. Amekataa, hawezi kuwaacha vifaranga. Basi nimemwomba anyamaze tu. Akasema, "Haya, mwanangu," kwa upole ulionitia wasiwasi.

Jumamosi, 8 Machi
Mkuu wa Idara aliomba kuona kipimajoto. Nikasema kimevunjika. Akauliza maji hubadilishwa saa ngapi. Nikatazama dari. Kifaranga mmoja akaanza kulia, kisha wote. Mama mkwe alistahimili, mikono mgongoni, midomo ameibana. Mwishowe akashindwa. Akasema nimsamehe, ameahidi kunyamaza, lakini watoto wanalia kwa baridi na watakufa. Akabadilisha maji. Kelele zikakoma. Akawaeleza wageni kwamba yeye hapimi kwa chombo, husikiliza. Kamati wakatoa kalamu. Hakuna aliyenitazama, isipokuwa mke wangu.

Jumatatu, 10 Machi
Cheo kimeota mbawa. Makala itatoka kwa jina la mama mkwe, takwimu zangu zimefutwa. Nami keshokutwa nisome barua ya kuomba radhi mbele yake na mbele ya walimu wote. Mkuu wa Idara amesisitiza iwe ya maneno yangu mwenyewe. Mama mkwe ameniambia nisikonde, kila mtu huteleza. Afadhali angenifokea.

Jumatano, 12 Machi
Nilisoma kwa sauti ya huzuni. Mwalimu wa hesabu alipangusa macho! Barua ilikuwa nzuri kweli. Niliikuta masjala, iliandikwa na mwalimu wa ufundi mwaka juzi. Nilibadilisha tarehe na majina. Nilipomaliza, mama mkwe akanyoosha mkono kwa adabu. "Mwanangu, nimekusamehe. Ila hiyo pampu ya kisima niliibuni lini?"

Ukumbi mzima ulicheka, Mkuu wa Idara hakucheka. Barua nyingine inatakiwa Ijumaa. Sasa hivi mke wangu yuko jikoni, anamwomba mama yake radhi kwa niaba yangu, kwa maneno matamu ajabu. Nimesogeza kiti hadi mlangoni. Naandika haraka.