Mia Tatu na Ishirini

Bwana Masikio hakuwa na kazi, ila alikuwa na hedifoni. Nyeusi, nzito, za maana, na alizitundika shingoni kama daktari. Zilimlisha miaka miwili. Aliwaambia watu kwamba miziki yao ya MP3, iliyobanwa hadi ikakonda, yeye anaweza kuinenepesha: unampa faili la kilobiti 128, anakurudishia la 320. Na kweli faili lilirudi kubwa. Sauti ilikuwa ileile, maana kinachotupwa wakati wa kubana hakirudi, lakini nani ana muda wa kuchunguza? Watu huamini namba.

Siku hiyo alikuwa dukani kwa muuza spika, akijipoza kwa feni ya bure.

"Yule mjane wa mpiga gitaa, nyuma ya kiwanda cha sabuni," muuza spika alisema, "ana diski yenye rekodi zote za bendi ya mumewe. Za asili, hazijabanwa hata kidogo. Atakayeniletea, pikipiki yangu ile pale nje ni yake."

Masikio aliitazama pikipiki. Kwa maoni yake, pikipiki nayo ilimtazama. Hakuaga.

Alimkuta mjane uani, anamenya viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, nimekuja kuokoa rekodi za marehemu. Faili kubwa huoza. Nipe nizibane, ziwe nyepesi, usikilize hata kwenye simu. Bure, kwa heshima yake."

"Hazitapoteza kitu?"

"Hata chembe! Nazishusha 128 uchafu utoke, kisha nazipandisha 320, namba kubwa kuliko zote. Zinatoka safi kuliko zilivyoingia."

Kisu kilisimama katikati ya kiazi. "Safi kuliko zilivyoingia," mama alirudia.

"Ndiyo teknolojia, mama."

"Haya. Njoo jioni nikupe diski. Ila sauti yake ndiyo tu niliyobaki nayo, mwanangu, siitoi hivihivi. Utaniachia amana." Akaelekeza kisu shingoni mwa Masikio. "Hizo."

Masikio alizishika hedifoni zake kwa mikono miwili. Lakini mshika mawili moja humponyoka, na yeye alikuwa ameshachagua la kushika. Jioni aliacha hedifoni, akabeba diski, akaenda dukani akipiga mluzi.

Muuza spika hakusikiliza hata wimbo mmoja. Alifungua rekodi kwenye kompyuta, mchoro wa sauti ukatokea, na sehemu yote ya juu, ya sauti nyembamba, ilikuwa tupu, imekatwa kana kwamba mtu amepitisha rula.

"Hii ilibanwa 128, halafu ikavimbishwa ionekane ya asili," alisema. "Yaani mimi ndiye wa kuletewa huu upuuzi? Toka!"

Nje ya duka, kwa hasira Masikio aliitupa diski mtaroni, ikazama kwenye maji meusi. Kisha akakimbilia kwa mjane.

Mama alikuwa sebuleni, hedifoni kichwani, macho ameyafumba. Ukutani palikuwa na picha ya studio: kijana na gitaa lake, na upande wa pili wa kioo, msichana ameinamia mitambo.

"Huyo ni nani?" Masikio aliuliza, ingawa moyo ulishamwambia.

"Mimi. Yeye alipiga, mimi nilirekodi. Miaka thelathini na moja. Ile diski niliitengeneza mchana: nikashusha, nikapandisha, kama ulivyonielekeza."

"Mama, nisamehe. Nirudishie hedifoni zangu."

"Nirudishie diski yangu."

"Nimeitupa mtaroni, kule dukani kwa muuza spika."

"Keti," mama alisema, akamvalisha hedifoni. Kabla ya wimbo kuanza, Masikio alimsikia mwanaume akivuta pumzi, taratibu, karibu kabisa na sikio. Kisha mama akapiga wimbo uleule kutoka kwenye faili lililobanwa. Pumzi ilikuwa imegeuka kelele, kama mchanga unaomwagwa.

"Alivuta pumzi hivyohivyo kila asubuhi akiamka," mama alisema. "Hiyo ndiyo uliyotaka kuninyang'anya."

Masikio aliona haya, haya ya kweli, kitu ambacho hakikuwa kimempata tangu utotoni. Alizivua hedifoni mwenyewe.

"Naomba niisikie tena, mama. Ile ya kwanza."

"Diski kwanza."

Masikio akatoka, akarudi kule dukani, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia mtaroni.